Utalibebea Nini?

Walikuwa wameshalipima kwa kilo, kama papa wa chumvi.
Mnunuzi wa chuma chakavu pale Pongwe
aliandika kwa chaki mlangoni: tani tatu na nusu,
toa matairi, toa udongo.
Mkonge ulikuwa umetoboa sakafu ya kebini
ukakaa kiti cha dereva,
jani moja nje dirishani kama kiwiko cha mtu.
Nikasema, niuzie mimi.
Akacheka hadi akashika tumbo.
"Nesi, utalibebea nini?"

Akiba ya miezi saba ya zamu za usiku, Bombo,
wodi ya wazazi.
Jibu sikuwa nalo. Lori nilikuwa nalo.

Trekta la shamba lililikokota hadi Mikanjuni,
likasukumizwa nyuma ya nyumba, kati ya choo na mpapai.
Shemeji yangu Kibwana alilizunguka mara mbili
midomo ikicheza:
tripu nne za mchanga kwa siku,
ukitoa dizeli, ukitoa utingo, ukitoa trafiki...
Nikamwacha atoe.

Nati ya kwanza ilinila Ijumaa tatu.
Mafuta ya taa, nyundo, subira.
Mafuta ya taa, nyundo, tusi.
Ilipolegea ilitoa sauti nyembamba, kali,
nami kwa mazoea ya kazi nikatazama saa
nikaandika ukutani kwa mkaa:
saa kumi na dakika ishirini, jioni. Mzima.

Kisha akaja Singano,
aliyekereza vyuma karakana ya reli
hadi reli ilipomwaga kwa cheti na kikombe cha bati.
Haji kusaidia, anakuja kugomba.
Bushi hii siyo. Kipenyo hicho uongo.
Nani kakufunza kushika spana kama mwiko wa uji?
Gasketi alizikata kwa jalada la faili kuukuu,
na ukingoni mwa injini, ukiinama na tochi,
bado pasomeka: mizigo, Korogwe.

Msasa ndio ulionisimulia.
Buluu ya mtu aliyesambaza soda.
Chini ya buluu, nyeupe ya ushirika uliokufa.
Chini ya nyeupe, kijani;
chini ya kijani, kijani kingine, kizito,
kilichopakwa kwa haraka, na nywele za brashi ndani yake.
Hapo nikapunguza mkono.

Upande wa ndani wa bodi, nyuma kabisa,
mtu alikwaruza kwa ncha ya kitu:
mistari minne, wa tano ukiikata.
Mafungu kumi na moja, na mitatu ya ziada.
Hakuna jina. Hakuna tarehe.
Singano alishika pati tayari kuziba.
Nikamzuia kifundo cha mkono.
"Siku," akasema, baada ya kitambo.
"Au magunia."
"Au..."
Tukala mihogo yetu. Chachandu ilikuwa kali,
kila mtu akapata sababu ya kufuta macho.

Nami huhesabu vivyo hivyo,
nyuma ya daftari la wodi, usiku wa wazazi wengi:
minne, wa tano ukiikata.
Kuna alfajiri nimeacha fungu halijatimia
nikaenda kunawa.

Liliwaka Jumapili, bila kutuaga.
Moshi mweusi, kuku juu ya bati,
Bi Chausiku akilaani kwa ajili ya shuka alizoanika.
Singano alivua kofia, kisha akajifanya anajikuna.
Nikatoka nalo taratibu, breki nikiziombea dua,
nikapita msikiti, nikapita mashine ya kusaga,
bodi nyuma ikigonga na kugonga.
Debe tupu, wanasema.
Nalisikia likitika. Acha litike.

Penye njia ya Kange kijana wa bodaboda akanisogelea,
akachungulia nyuma, hakuona kitu,
akauliza kwa ukelele lile swali.
Nilikuwa natafuta gia ya pili.
Bado inagoma.
Ijumaa naifungua tena.